Mstari wa Upande wa Ukuta

Kama uliwahi kupita kwenye karakana ile ya mageti, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, lazima ulimwona. Mtu mrefu, mwembamba, amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kipande kimoja cha chaki nyuma ya sikio na kingine mkononi. Ndiyo maana wakamwita Chaki, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho, na kwa mkewe siku akikasirika.

Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa moja tu, kuchora. Wengine walikata vyuma, wengine walichomelea, wengine walipaka rangi. Yeye alichora geti zima pale sakafuni kwa ukubwa wake halisi, na mafundi wakaja kulaza vyuma vyao juu ya mistari yake. Alikuwa na taratibu zake. Alibana pumzi kila alipovuta mstari. Alianza kwa mistari myepesi ya mwongozo, isiyoonekana vizuri, kisha akakoleza ile ya kweli. Kwenye kona alipitisha mistari miwili ikakatana kidogo, ili fundi asiwe na kisingizio cha kutoiona kona. Akimaliza mstari, aliinama na kuupuliza, puu, vumbi la chaki likaondoka. Na hakuchora geti lolote kabla hajakwenda kupima mwenyewe kwa mguu wake. Maringo alikuwa nayo, tusimfiche. Lakini hakuna aliyewahi kurudisha geti lake.

Mwenye karakana alipofariki, binti yake ndiye aliyeshika usukani. Huyu binti alikulia palepale. Alipokuwa na miaka sita Chaki alimchorea viboksi vya kurukia sakafuni kila mchana, na tangu wakati huo akamwita mjomba, ingawa hawakuwa na undugu hata wa mbali. Sasa alikuwa bosi, na asubuhi moja akamwita ofisini.

"Mjomba, kaa."

"Acha nisimame. Ukiniambia nikae, najua neno ni zito."

Bosi akacheka kidogo, halafu hakucheka tena. Alikuwa ameagiza mashine ya kukatia chuma. Mashine hiyo haihitaji mtu alaze chuma juu ya mchoro. Unachora kwenye kompyuta, unautuma mchoro, na ile mashine inafuata mistari yako kwa moto mwembamba hadi bati zito lote limekatika.

"Na mashine inakaa wapi?" Chaki akauliza.

"Pale unapochorea."

"Na mimi?"

Bosi akavuta pumzi. "Nakupa mwezi mmoja, mjomba. Ukiweza kuchora kwa kompyuta, meza ya mchoraji ni yako. Ukishindwa, kuna mtu amesomea kazi hiyo, nimeshaongea naye. Wewe utahamia kwenye rangi. Sikufukuzi, usinielewe vibaya."

Alielewa vizuri sana. Kwenye rangi hakukuwa na ubaya wowote, mshahara ungebaki uleule na kazi ingekuwa nyepesi. Lakini kuamka kila siku kwenda kupaka rangi mistari iliyochorwa na mtu mwingine, hilo Chaki aliliona kama kuzikwa akiwa hai. Akasema "Sawa, bosi," akatoka, akaenda bombani kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu. Aliogopa. Hakuwahi kuigusa kompyuta hata kwa kuipangusa vumbi.

Kwa bahati, au kwa balaa, kutegemea ulikuwa upande gani, alikuwa na shemeji. Mdogo huyu wa mkewe alikuwa na kiduka cha kupiga chapa na kutoa nakala, kompyuta mbili, feni moja na ulimi usiolala. Wakati wa harusi ya dada yake alikuwa binti wa miaka kumi na tano, na siku ileile alimtangazia bwana harusi kwamba hatampa shikamoo kwa sababu hajaona alichokifanya cha kustahili. Chaki alidhani ni utani wa siku moja. Mvi zikamtoka, watoto wakamzidi kimo, na shikamoo haijaja.

Alipomwendea na shida yake, shemeji alisimamisha kila kitu, hata nakala zilizokuwa zinatoka.

"Yaani wewe? Kompyuta? Wewe unayeizima redio kwa kuipiga kofi?"

"Nifundishe, shemeji. Ukimaliza kucheka unifundishe."

"Sitamaliza leo," akasema, lakini tayari alikuwa anamvutia kiti.

Saa tisa mchana wateja wa pale hupungua, na karakana siku hizo ilikuwa imesimama kidogo kusubiri mashine. Basi kila siku saa tisa Chaki alikaa mbele ya skrini akiwa amefua shati kama anayekwenda kwenye usaili. Bosi alikuwa amempa ile programu ya kuchorea kwenye flashi. Shemeji aliiweka, akafungua ukurasa mweupe, akamkabidhi kipanya.

"Weka mshale hapa. Bonyeza, usiachie, vuta mpaka pale. Halafu achia."

Chaki akakishika kipanya kwa vidole vitatu vya mbele, kwa ncha, kama anavyoshika chaki. Akabana pumzi. Akavuta. Mstari ukatoka hapo ulipotoka ukaenda unayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Alipofika mwisho akakiinua kipanya juu kabisa ya meza, maana mstari ukiisha mkono unainuka, hiyo ndiyo sheria. Halafu akainama, akaipuliza skrini. Puu.

Shemeji akakaa chini, kwenye sakafu, mikono tumboni. Alicheka hadi mama aliyekuwa amekuja kupiga chapa barua ya kuomba likizo akaacha barua yake na kuja kuchungulia. "Amepuliza!" shemeji akamweleza, machozi yanamtoka. "Kioo! Amekipuliza!"

Siku ya tatu Chaki alikuja na rula yake ya chuma, ile ya mita moja. Akailaza mezani, akaibana kwa mkono wa kushoto, akakisukuma kipanya taratibu kikiegemea ukingo wa rula. Shemeji alitazama kwa muda mrefu bila kucheka, na hilo ndilo lililomuumiza Chaki zaidi.

"Shemeji," akasema kwa upole usio wa kawaida yake, "rula yako inaunyoosha mkono. Mshale hauijui rula."

"Basi mimi nimekwisha."

"Hujakwisha. Tena sikiliza. Siku utakayochora mstari ulionyooka kwa hicho kipanya, nitakupa shikamoo. Mbele ya dada, mbele ya watoto wako, nikiwa nimesimama."

Ni ajabu vitu vinavyoweza kumshika mtu mkono. Chaki alikuwa na sababu kubwa ya kujifunza, lakini njiani kurudi nyumbani alijikuta anaiwaza hiyo shikamoo na anatabasamu peke yake.

Wiki ya pili shemeji akagundua kitu. Chini ya skrini, pembeni, palikuwa na alama ndogo ya sumaku. Ukiibonyeza ikawaka, programu inaukamata kila mstari uliokaribia kunyooka na kuunyoosha yenyewe. Huna haja ya kuvuta wala kubana pumzi. Unabonyeza mwanzo, unabonyeza mwisho, kwisha. Mstari unasimama wima, kona zinakaa sawasawa.

Chaki akachora mraba. Akachora mwingine. Akachora geti zima la milango miwili, na safari hii hakupuliza, ingawa midomo ilikwishajiandaa.

"Hiyo sumaku usiizime maisha yako yote," shemeji akamwambia.

"Na shikamoo yangu?"

"Ya nini? Huo mstari umenyooshwa na sumaku. Mimi siiamkii sumaku."

Wiki ya tatu mashine ikaja, ikafungwa palepale kwenye sakafu yake. Bosi alimpa kazi ya majaribio, bati la kuziba dirisha lenye umbo la majani katikati. Chaki alichora mchana kutwa kwenye kompyuta ya ofisini. Alichora kama alivyochora miaka yote. Mistari ya mwongozo kwanza, kisha ya kweli, na kwenye kona akapitisha mistari ikakatana kidogo. Kwenye skrini mchoro ulipendeza, bosi mwenyewe akasema umependeza. Ukatumwa.

Mashine haijui mwongozo ni nini. Kwake mstari ni mstari. Ikaikata ile mistari ya mwongozo yote, mmoja baada ya mwingine, ikapita katikati ya majani, ikazichana kona kila mahali mistari ilipokatana. Wachomeleaji walikuwa wamejipanga kutazama. Cheche zilipokwisha na bati kuinuliwa, lilidondoka vipande vipande chini, kama sahani. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alichukua ufagio akaanza kukusanya, na Chaki akamnyang'anya ufagio akafagia mwenyewe.

Bosi alimngoja amalize. "Wiki ijayo Ijumaa kuna geti la shule ya chekechea," akasema, sauti ya chini ili wengine wasisikie. "La watu kuingilia, la mlango mmoja. Utalichora mbele yangu. Mjomba, hilo ndilo la mwisho. Mwezi utakuwa umekwisha." Akampa karatasi ya oda yenye sahihi ya mwalimu mkuu. Upana sentimita mia na kumi, urefu mia na themanini.

Usiku ule hakumwambia mkewe kilichotokea, akasema tu amechoka. Kesho yake shemeji alimfundisha kuifuta mistari ya mwongozo kabla ya kutuma, na mistari ya kwenye kona kuikomesha pale inapokutana, basi. Alizirudia mara arobaini. Mkono ukazoea. Karatasi ile ya oda ilikuwa mfukoni muda wote, na kila alipoigusa kuna kitu kilimkera, hadi akakijua. Vipimo vilikuwa vya mtu mwingine. Katika maisha yake hakuwahi kuchora geti la ukuta asioujua.

Jumatano akatoka kazini akapitia chekechea na futi yake. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alishangaa.

"Si nimeshapima, baba? Nimewapelekea."

"Umepimia wapi, mwalimu?"

"Hapa." Akaonyesha kiunoni, kutoka kwenye nguzo mpya upande mmoja hadi ukuta wa zamani upande wa pili.

Chaki akapima kiunoni. Mia na kumi, mwalimu hakukosea. Akapiga magoti akapima chini. Mia na kumi na mbili. Akaomba kiti cha darasani, kidogo kama cha kuchezea, akapanda akapima juu. Mia na nane. Akarudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja. Nguzo ilikuwa wima. Ukuta wa zamani ulikuwa unaegemea kuelekea langoni, polepole, tangu chini hadi juu, na ulikuwa umepakwa rangi vizuri kiasi kwamba jicho la mtu wa kawaida lisingeuona. Geti la mraba la vipimo vya karatasi lingeingia vizuri chini na kukwama juu. Lisingefunga hata ulisukume kwa bega.

Alhamisi akamuuliza shemeji jinsi ya kuizima sumaku.

"Umerogwa?" shemeji akasema. "Kesho ndiyo kesho! Mwezi mzima nakunyoosha, leo unataka kupinda?"

"Mstari mmoja tu. Wa upande wa ukuta."

Alimweleza yote. Shemeji alisikiliza, kidole mdomoni, kisha akaibonyeza ile alama, ikazima, akamwachia kiti. Alichora ule mstari hadi duka lilipofungwa. Na sasa ndipo kilipokuja kichekesho chenyewe, kwamba mtu aliyeshindwa wiki mbili nzima kuchora mstari ulionyooka alikuwa anatoka jasho ili apate uliopinda. Maana kupinda kwa kutaka si kama kupinda kwa kushindwa. Ulitakiwa uanze mahali pake kamili na uishie mahali pake kamili.

Ijumaa bosi akavuta kiti akakaa nyuma ya bega lake. Chaki akachora mstari wa chini, wa nguzo, wa juu. Sumaku ikawaka, kila kitu kikanyooka. Bosi akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Ndipo Chaki akapeleka mshale chini pembeni, sumaku ikazima. Akaufuta mstari wa juu, akauchora mfupi zaidi. Akarefusha wa chini. Akabonyeza mwanzo wa mstari wa nne, akabana pumzi, akavuta, akaachia mwisho.

"Mjomba. Umepinda."

"Ndiyo, bosi."

"Rudisha ile sumaku."

"Ukuta ndio uliopinda. Nilikwenda kupima. Chini mia na kumi na mbili, juu mia na nane, na nimetoa nafasi ya kidole kimoja."

Bosi akaichukua karatasi ya oda, akaiweka mbele ya kipanya. "Hapa pana sahihi ya mwalimu mkuu. Mia na kumi. Sasa nikilipeleka geti lililopinda, nikiulizwa nijibu nini? Kwamba mchoraji wangu aliizima sumaku?" Hakuwa mkali. Alikuwa anaonekana kama mtu anayeona mlango unafungwa na hawezi kuuzuia. "Bati la wiki iliyopita nililinyamazia, mjomba. Nilidhani leo ungenisaidia nikusaidie."

Maneno hayo yalimchoma. Kitufe cha sumaku kilikuwa palepale, kidole kimoja tu, na mstari ungenyooka, na bosi angefurahi, na meza ingekuwa yake angalau hadi Jumatatu, siku ya kulifunga geti. Akakitazama. Kisha akaondoa mkono kwenye kipanya na kuuweka mapajani.

"Mwanangu," akasema, na hakuwa amemwita hivyo tangu alipokuwa bosi, "sijawahi kuchora geti lililogoma kufunga. Hili likigoma, Jumanne nenda kanitafute kwenye rangi. Sitasema neno. Lakini siwezi kuchora ukuta ambao haupo."

Nje mtu alikuwa anasaga chuma, akaacha, akaanza tena. Halafu mkono wa bosi ukapita juu ya bega la Chaki, ukakishika kipanya, na Chaki akafumba macho. Alipoyafumbua, sumaku ilikuwa bado imezima. Bosi alikuwa ametuma mchoro kama ulivyo.

Jumamosi wakachomelea na kupaka rangi ya kijani. Jumatatu saa nne wakalipeleka. Wachomeleaji walipoliinua, hata wao walionyeshana kwa macho, maana likiwa peke yake limesimama uwanjani, upande mmoja ulionekana dhahiri umekosewa. Mwalimu mkuu akavaa miwani yake. "Hili mbona limekaa upande?"

Walilifunga kwenye bawaba za nguzo, wakaachia. Chaki alisimama mbali, karibu na bembea, mgongo ameegemeza kwenye nguzo yake.

Bosi akalisukuma geti mwenyewe. Likaenda polepole bila kusugua popote, likaukaribia ukuta, na komeo likaingia. Tak. Bosi hakuondoka. Akaingiza kidole chake kwenye nafasi kati ya geti na ukuta, pale chini, akakipandisha taratibu hadi kiunoni, akanyoosha mkono hadi juu kabisa kwa ncha za miguu. Kidole kimoja, chini hadi juu, pasipo kukaza wala kulegea. Akalifungua, akalifunga tena. Tak. Watoto wa chekechea waliokuwa madirishani wakapiga makofi, na hata hawakujua wanampigia nani.

Bosi akatoa simu. Akazungumza palepale mbele ya Chaki, bila kujificha. "Ndiyo, kesho uje kama tulivyopanga, kazi zipo za kutosha. Lakini uje na viatu vya kutembelea. Kabla hujakaa kwenye kompyuta utazunguka na mjomba wangu akufundishe kupima kuta." Akasikiliza. "Hapana, meza ya mchoraji ina mwenyewe. Wewe utakaa pembeni yake." Akaikata simu. Macho yalikuwa mekundu kidogo, akasingizia vumbi.

Jioni nyumbani kulikuwa kumejaa, maana mke wa Chaki habari hazimkai tumboni. Watoto walikuwapo, na shemeji alikuwa kwenye kochi, ameshasimuliwa mara tatu na bado anataka ya nne. Chaki alipoingia, chaki yake nyuma ya sikio, shemeji akainuka, akasimama wima katikati ya sebule. Watoto wakasogea karibu. Miaka yote hiyo walikuwa wanaingoja na wao.

"Shikamoo, shemeji."

Chaki akainua mkono. Mtu wa haki ni wa haki. "Ngoja kwanza. Makubaliano yalikuwa mstari ulionyooka. Ule wa geti ulikuwa umepinda."

"Najua," shemeji akasema, na safari hii hakukuwa na utani usoni mwake. "Iliyonyooka yote ilikuwa ya sumaku. Huo uliopinda ndio wako. Shikamoo."

"Marahaba," akasema Chaki. Kisha akairudia, ili watoto nao waisikie.